Chini ya Slabu Mbichi

Kaluki, injinia wa jengo lile la Muthangari, aliinua mkono akagusa slabu, dari ya zege mbichi iliyotegemezwa kwa miti. Kiganja kilirudi na unyevu.

"Haijakomaa, mzee. Miti isitolewe."

"Kila siku ni ngoja, ngoja!" mwenye jengo alifoka kutoka mlangoni. "Watu wa plasta wamefika. Fundi, gonga hiyo miti itoke."

Fundi alishika nyundo, akamtazama Kaluki.

Kaluki hakuwa na nguvu ya kubishana tena. Kila jengo lilikuwa na vita hivi hivi. Aliketi sakafuni, akaegemea mti wa katikati, akafumba macho.

"Sawa, igongwe. Lakini njoo uketi hapa nami, mzee."

Mwenye jengo alitazama juu. Mguu mmoja ulikuwa umevuka kizingiti. Akaurudisha nje.