Soli ya Ndani

"Kadi yako iko wapi, baba?" nesi aliuliza, akiutazama mkono wa Mbaruku uliovimba kuzunguka nyuzi za kidonda kilichoshonwa.

Mbaruku, fundi viatu anayefuata minada mji hadi mji, akajipapasa mifukoni bure. Atasemaje? Wiki iliyopita aliishiwa na maboksi ya kutengenezea soli ya ndani, akaikata kadi ile ngumu ya matibabu na kuibandika katika kiatu cha mteja. Sasa kuna mtu anaikanyaga.

"Bila kadi sijui walikudunga nini. Rudi ulikoshonwa."

"Ni siku mbili kwa lori, mwanangu."

Nesi alikwisha kumwita mgonjwa mwingine.

Mbaruku akaketi kwenye ngazi za zahanati, akatoa kisu chake cha kukatia ngozi, akakiweka juu ya uzi wa kwanza mkononi mwake. Kila aliyepita, Mbaruku alimtazama viatu, kana kwamba kadi yake ingekuwa humo.