Mungu Anayenuka Bizari

Dhaklibai alilisugua jiwe kwa majivu, akalisuuza, akalisugua tena, na bado likanuka bizari. Lilikuwa ni lile jiwe refu la mviringo alilosagia viungo tangu alipoolewa. Mwishowe akaliacha linuke. Akalisimamisha kwenye shimo alilochimba katikati ya sebule, akalifukia nusu, akalipaka mafuta na ile rangi ya machungwa wanayopakwa miungu ya mitaani.

Nje, kigingi cha wapima barabara mpya kilikuwa kimepigwa kwenye kizingiti chake.

Bombay ya miaka ile ilishikwa na ugonjwa wa kunyoosha. Tauni ilipopungua, wakubwa waliamua kwamba walioua watu ni vichochoro, basi vichochoro vife. Barabara pana zilikatwa ili upepo wa bahari uingie mjini, na aliyekuwa amelala kwenye njia ya upepo huo akatafute pengine pa kulala. Dhaklibai, mjane muuza samaki, hakuwa na pengine. Kitu kimoja tu kiliwatisha wakubwa wale, nacho ni mungu wa mtu. Tangu watu walipofanya fujo wakati wa tauni kwa kuingiliwa dini yao, nyumba ya yeyote waliiangusha bila haya, lakini mahali patakatifu walipazunguka.

"Shemeji," sauti ikasema mlangoni, "mungu wako ananuka bizari."

Alikuwa Barku, mdogo wake marehemu mumewe, aliyekaa nyumba ya pili. Tangu matanga, wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila tusi.

"Toka mlangoni kwangu!"

"Kwako? Nyumba hii kajenga baba yangu. We uliingia humu na kikapu cha samaki na huo mdomo wako."

"Na baba yako akampa mume wangu, maana wewe ungeinywa yote mpaka paa."

"Haya. Ngoja mpima aje. Nitamwambia miaka yote hii umekuwa ukimtumia mungu kusagia vitunguu."

Akaenda zake anacheka. Hasira ikampanda Dhaklibai, kisha ikaisha ikabaki hofu tupu. Neno moja tu la yule mlevi, na paa lingeshuka.

Asubuhi yake mpima akaja, Mzungu mwenye kofia kubwa, na karani wake, na wabomoaji na nyundo zao. Mtaa mzima ulikuwa umeshajazana. Dhaklibai akaeleza kwamba aliambiwa ndotoni achimbe, akachimba, akamkuta mungu amesimama. Akaapa kwa roho ya mumewe. Kuliingiza jina la yule mtu katika uongo kulimuuma sana, lakini aliapa, tena kwa sauti ya sokoni, kila mtu asikie.

Karani alikuwa mtoto wa mji na hakuwa mjinga. Akainama, akanusa.

"Mama, hili si jiwe la kusagia?"

"Unamnusa mungu? Kwenu miungu mnainusa?"

Wengine wakacheka, wengine wakaguna vibaya. Karani akarudi nyuma hatua moja, akautazama umati.

"Jirani yake wa karibu ni nani?"

Barku akajitokeza.

"Jiwe hili unalijua?"

Barku alimtazama shemeji yake kwa macho yale yale ya chuki aliyoyazoea. Kisha akavua viatu, akalala kifudifudi mbele ya jiwe, na alipoinuka machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Namjua," akasema. "Babu yangu alituambia kuna mungu amelala chini ya nyumba hii. Alisema ipo siku atatoka. Sikuamini, mimi mpumbavu!"

Basi ikawa vurugu ya furaha. Nazi zikapasuliwa, wanawake wakaleta maua. Karani akanong'ona na Mzungu, Mzungu akafuta jasho, na kigingi kikang'olewa kizingitini kikapigwa upande wa pili wa njia, kwenye yadi ya mkaa.

Dhaklibai alilia usiku kucha, na si kwa furaha peke yake. Aliona haya. Matusi yote yale aliyomtupia Barku, na kumbe siku ya siku mdogo wa mumewe amemsimamia kama ndugu! Kulipokucha alichagua samaki wake mnono kuliko wote, akampaka chumvi na manjano, akabandika kikaango. Leo Barku angekula kwake, ashibe, waanze upya.

Mafuta yalikuwa yameanza kulia Barku alipoingia. Alikuwa miguu mitupu, amevaa shanga shingoni, ameshika kengele. Nyuma yake walikuja wazee wa mtaa, na nyuma yao wanawake na masinia ya maua.

"Zima moto, shemeji."

"Nakukaangia wewe, Barku. Kaa."

"Samaki? Mbele ya mungu?" Wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko. "Humu hapakaangwi tena kitu. Wala hakuna wa kulala humu. Mtaa umekubaliana jana, mimi ndiye nitakayemhudumia, maana babu yangu ndiye aliyetabiri. Wewe toa vyombo vyako tu, taratibu, hakuna anayekufukuza."

"Barku! Hii nyumba yangu!"

"Ni ya mungu. Uliapa mwenyewe, tumekusikia sote."

Ng'ambo ya njia nyundo zilikuwa zikiangusha yadi ya mkaa, na mpima amesimama pale pale na kofia yake, karani ubavuni. Mlango ulikuwa wazi. Ukiita, wanasikia.

Barku akapiga magoti, akaweka ua juu ya jiwe, kisha akamgeukia shemeji yake kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha maisha yake yote.

"Au waite, shemeji," akasema. "Waambie ni jiwe la nini."