Ndala Kwenye Foleni

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, foleni ilitoka mlangoni mwa ofisi ikazunguka mpaka nyuma ya soko. Somoe alimkuta mumewe, Hamza, katikati, jasho likimtiririka, ndala zake kuukuu zimeshikizwa kwa pini.

Somoe alipowasilisha ya kwake mapema mwanzoni mwa mwaka, Hamza alicheka mpaka akapaliwa. "Haraka ya nini, mke wangu? Kwani serikali inahama?"

Sasa Somoe alimpa boksi. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi, bado vinanukia duka.

"Hela umetoa wapi?"

"Walinikata kodi kupita kiasi. Juzi wamenirudishia."

Hamza alivivaa. Somoe alikuwa na la kusema, akalimeza. "Twende tukanywe chai."

"Na nafasi yangu?"

Katika mji ule, aliyetoka kwenye foleni huwakilishwa na kiatu chake. Hamza akaacha ndala, wakavuka barabara wameshikana mikono.

Foleni iliposogea, mama mmoja asiyewajua alizisukuma ndala mbele kwa ncha ya mguu, taratibu, kama anayemsogeza mtoto aliyelala.