Mkia wa Mlolongo

Zamani, wanyama walipokuwa wakipiga kura kwa miguu, kila mmoja alijipanga nyuma ya aliyemtaka. Wanyama wadogo walikuwa wakimtafuta mmoja wao wa kushindana na Fisi, aliyetaka kisima kiwe chake. Nguchiro akapata ishirini na wawili. Pimbi akapata ishirini na mmoja.

Pimbi akapanda jabali lake, akakaa huko siku tatu. Hakuna aliyekuja kumpa pole ila Fisi.

"Kwa kura moja tu, ndugu yangu!" alisema Fisi. "Wamekudhalilisha. Siku ya kura kaa papa hapa, uote jua lako. Waache wajionee."

Maneno yale yalikuwa matamu, na Pimbi hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Lakini akajiuliza: tangu lini Fisi akamlilia mbuzi?

Siku ya kura, Fisi alikuwa na thelathini nyuma yake, Nguchiro wale wale ishirini na wawili. Pimbi akashuka, uso umemwiva kwa haya, akasimama mkiani mwa mlolongo wa Nguchiro. Mara akasikia vishindo nyuma yake. Kugeuka, akawaona ishirini na mmoja wake. Kumbe walikuwa vichakani siku zote tatu, wakingoja kuona ataelekea wapi.

Fisi akashindwa. Nyimbo zote zikamtaja Nguchiro. Jioni Pimbi akaenda kisimani peke yake, akanywa. Maji yalikuwa matamu vilevile.