Birika Lenye Nembo ya Salama

Bi Chiku wa jirani aliwatangazia watu kwamba Zamda alimwacha mwanawe achezee umeme, ndiyo maana shoti ikamuunguza mkono. Zamda alilifunga kwa kanga birika la umeme lililompiga mtoto shoti, akaenda kulibwaga mezani kwa ofisa wa serikali anayesimamia ubora wa bidhaa.

"Hii nembo ya 'Salama' kaibandika nani?"

"Kampuni yenyewe, dada. Siku hizi wanajikagua wenyewe."

"Na nyie?"

"Sisi tunawaamini."

Zamda akachukua chupa ya maji ya ofisa iliyokuwa mezani, akayamimina ndani ya birika, akachomeka waya ukutani.

"Basi naomba uliwashe, kaka. Tunywe chai."

Ofisa aliitazama ile nembo inayong'aa, mikono yake kaificha chini ya meza.