Hodi Mlangoni kwa Bi Mwanaheri

“Hodi wenyewe! Naomba maji,” sauti ya mwanamume iliita nje.

Bi Mwanaheri aliacha kukanda unga. Neno “hodi” alilisikia mara ya mwisho angali msichana. Siku hizi kila mlango Tanga una jicho la joto, mtambo wa kupima homa hata jua likichoma, nalo humtambua mgeni kabla hajafika.

“Mgeni huyu ana homa,” jicho likasema. “Mkimfungulia, nyumba itafungwa siku saba.”

“Mama, usifungue!” alisihi Saumu, bintiye wa pekee. “Harusi yangu ni kesho!”

Lakini Bi Mwanaheri alikuwa amemwahidi marehemu mama yake kwamba hodi haitakosa jibu mlangoni kwake.

“Pitia uani, mwanangu. Ukaolewe kwa shangazi yako.”

“Bila wewe?”

Mama alimkumbatia, akasubiri mlango wa uani ufungwe, kisha akafungua wa mbele.

“Karibu ndani, baba.”