Baiskeli Mbili, Bei Moja

Baba alikuwa ameishika baiskeli mpya kwa mikono yote miwili, lakini ile iliyotumika hakuigusa hata kwa ncha ya kidole.

"Chukua hii," alisema kwa mara ya nne.

Binti yake aliitazama ile nyingine. Miezi kumi na minane ameshona kola za sare kiwandani, kola tu, asubuhi mpaka jioni, ili siku moja aingie dukani humu na kununua baiskeli yake mwenyewe ya mbio. Baba alisema atamsindikiza. Kumbe alikuja kumwekea kauzibe.

Zilikuwa mbili, bei moja. Ile mpya ilikuwa ya aluminiamu, nzito, na gia zake zilikuwa za kuendea sokoni. Ile iliyotumika ilikuwa ya kaboni, nyeusi tii, rangi inang'aa kama imetoka kiwandani jana, na aliweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Mchujo wa timu ya vijana ulikuwa wiki tatu mbele. Mwalimu wake alishamwambia wazi kwamba miguu anayo, kinachomrudisha nyuma ni lile chuma la kuazima analolikokota mlimani. Akikosa safari hii, umri unampita, na atabaki na kola zake.

"Nzito hiyo, baba."

"Nzito ndiyo nzuri."

"Itanibakisha nyuma."

"Kubaki nyuma hakujaua mtu."

Muuzaji, mtu wa tabasamu lisilochoka, alikuwa ameegemea meza ya vifaa akiwasikiliza. "Mzee wako kwake kipya kinyemi," alimtania binti, kisha akamgeukia baba. "Fundi, si umwache mtoto achague mwenyewe?"

Suruali ya baba ilikuwa na matone ya rangi za magari ya watu, hata kipofu angejua ni fundi. Alimtazama muuzaji kwa jicho ambalo binti hakuwahi kuliona, halafu akainamisha kichwa. Ndivyo alivyo, binti aliwaza kwa uchungu. Kwa watoto wake simba, mbele ya mwenye duka ananywea.

Na kilichomkata maini hasa kilikuwa hiki: maisha yake yote amevaa vya kurithi. Sare za dada, viatu vya binamu, hata godoro alilikuta limeshakojolewa na watu watatu. Kila alipolilia kipya, baba alimwambia kilichotumika kimeshajaribiwa. Leo yeye, kwa jasho lake, anataka kilichotumika, ndipo mzee amegundua utamu wa kipya.

"Nipe sababu moja," alisema. "Moja tu, nikuelewe."

Baba alifungua mdomo. Akamtazama muuzaji, akaitazama sakafu, akaufunga.

"Sababu ni kwamba mimi ni baba yako."

"Hiyo si sababu."

"Kitu cha mtu hujui kimepitia nini, mama. Rangi haisemi."

"Wewe unayekula kwa kupaka rangi ndiye unasema hivyo?"

Muuzaji alicheka. Baba hakucheka.

"Basi twende duka lingine," baba alisema, safari hii kwa sauti ya kubembeleza. "Nitakuongezea. Nitakopa."

"Nimezunguka maduka yote mwezi mzima. Wewe ulikuwa wapi? Hata kuniona nikishindana hujawahi kuja." Akafungua mkoba, akamkabidhi muuzaji bahasha yote. "Nachukua ya kaboni."

Muuzaji aliipokea bahasha, akaitia kwenye droo bila kuhesabu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," baba alinong'ona.

Binti alisikia. Alimgeukia polepole, na hasira ya miaka yote, ya godoro na ya viatu vinavyobana, ikampanda.

"Kwa hiyo sasa unaniombea kifo. Sawa. Mimi nateremka nayo mpaka chini stendi. Wewe njoo kwa miguu yako."

Aliisukuma baiskeli hadi mlangoni. Mbele yake barabara ilishuka kwa kasi, lami tupu. Alikuwa ameshainua mguu apande pale baba alipompokonya baiskeli kutoka nyuma, akailaza sakafuni, akachukua nyundo juu ya meza ya vifaa. Hakupapasa, hakupima. Alipiga pigo moja, mahali pamoja, chini kidogo ya usukani.

Fremu ilikatika vipande viwili. Ndani ya mkatiko, mahali palipotakiwa kuwa kaboni, palimwagika filla ya rangi ya waridi, ile ya kuzibia bodi za magari, ikasambaa sakafuni kama unga.

Binti hakuona filla. Aliona miezi kumi na minane imelala chini.

"Kuanzia leo sina baba," alisema. Hakupiga kelele. "Umesikia? Nimekuzika."

Baba alisimama na nyundo mkononi, machozi yakimtoka.

Muuzaji aliinama, akaokota kipande kimoja, akakigeuzageuza mkononi. Tabasamu lilikuwa limemtoka, lakini sauti yake ilibaki ya upole.

"Haya, fundi, hii umeivunja," alisema. "Na zile nne ulizonizibia kabla yake, ambazo watu wanazipanda sasa hivi, nazo utazifuata na nyundo?"